Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Wazee wetu walituachia neno fupi lenye kukata kama wembe: asiyekuwapo na lake halipo. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Ukoo ukikutana kugawa shamba la marehemu, sharti uwepo. Usipokuwapo, usije kesho ukalalamika kwamba umepewa kipande chenye mawe. Lakini siku hizi, ndugu msomaji, neno hilo limeingiwa na mashaka. Ukoo wakutana chini ya mwembe, na simu imeegemezwa kwenye birika la chai katikati ya meza. Ndani ya kioo chake yumo kijana aliye Maskati, naye asikia yote, auliza, apinga, akubali. Hayupo, na lake lipo. Je, wazee wetu walikosea? Au tuseme kwamba kijana yule yupo?

Swali hili si la mchezo, wala si la mafundi wa mitambo peke yao. Ni swali la wajibu. Kila mmoja wetu adaiwa na wenzake kuwapo kwake: mtoto adaiwa na mzazi mgonjwa, mume na mkewe, mkubwa wa kazi na walio chini yake, jirani na jirani aliyefiwa. Deni hilo zamani lililipwa kwa miguu. Sasa tumepata njia ya kupeleka uso, na miguu ikabaki nyumbani. Yatupasa basi kujiuliza: ni lini uso watosha, na ni lini hautoshi?

Chombo chenyewe si cha jana kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1936 Wajerumani walifungua huduma ya simu yenye picha kati ya miji ya Berlin na Leipzig, watu wakaketi katika vibanda wakisemezana na kuonana. Mwaka 1964 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilionyesha simu ya namna hiyo katika maonyesho makubwa ya New York, kisha ikaweka vibanda New York, Washington na Chicago. Dakika tatu za kwanza ziligharimu kati ya dola 16 na dola 27, na watu wakaona afadhali sauti tupu. Kwetu sisi mlango ulifunguka mwaka 2009, nyaya mpya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2016 WhatsApp iliongeza simu ya video, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani katika nchi nyingi, kilichokuwa anasa kikawa chakula cha kila siku. Kampuni ya Zoom, iliyohesabu washiriki wapatao milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019, ilihesabu milioni 200 mwezi Machi 2020.

Tuseme haki kwanza, maana asemaye ubaya tu juu ya kitu chenye wema huyo naye ni mwongo. Mtumishi wa Serikali aliye Bukoba, akiitwa Dar es Salaam kwa mkutano wa saa mbili, alikuwa hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa gharama ya umma na kwa hatari za barabarani ambazo sote twazijua. Leo aweza kuketi ofisini kwake, akatoa taarifa yake, na jioni akala chakula na watoto wake. Mganga wa wilaya aweza kumwonyesha bingwa aliye mbali jeraha linalomshinda. Mahabusu ambaye kesi yake inatajwa tu aweza kusikilizwa bila ya kusukumwa katika karandinga kutwa nzima. Na bibi aliyekuwa akisubiri barua miezi mitatu aweza kumwona mjukuu wake akiota jino la kwanza. Haya si mambo madogo, na anayeyadharau hajapata kuwa mbali na ampendaye.

Lakini sasa, msomaji, hebu tutazame vitanda viwili vya hospitali.

Cha kwanza kilikuwa kaskazini mwa Italia, mwezi Machi 2020. Wagonjwa wa korona walikuwa wakifa bila ya jamaa yao, kwa sababu sheria na woga wa maambukizo vilimzuia kila mtu kuingia. Ndipo watu wenye huruma wakakusanya vishikwambi na kuvipeleka hospitalini, na wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga wakavishika mbele ya nyuso za wagonjwa, ili mke aagane na mumewe na watoto waagane na mama yao. Nani atathubutu kusema kwamba picha ile ilikuwa kitu cha bure?

Kitanda cha pili kilikuwa katika mji wa Fremont, California, mwezi Machi 2019, kabla ya korona. Mzee wa miaka 78 alikuwa amelazwa, mapafu yake yakishindwa, na mjukuu wake alikuwa kando yake. Mlango ukafunguka, ikaingia mashine yenye magurudumu, na juu yake kioo, na ndani ya kioo daktari. Kwa kinywa cha mashine hiyo mzee aliambiwa kwamba hapakuwa tena na tiba ya kuyaponya mapafu yake, na kwamba huenda asirudi nyumbani. Mzee hakuwa akisikia vizuri, ikambidi mjukuu ayarudie maneno yale kwa kinywa chake mwenyewe. Muda si mrefu mzee akafariki. Hospitali ilieleza baadaye kwamba madaktari walikuwa wamekwisha kuonana naye ana kwa ana kabla ya hapo, na tukubali maelezo hayo. Lakini jamaa yake waliumia, na watu wengi waliosikia habari hiyo waliumia pamoja nao.

Mbona basi chombo kimoja, kando ya vitanda viwili, kilikuwa rehema hapa na jeraha pale? Kioo ni kile kile, na mauti ni yale yale. Tofauti ni moja tu. Kule Italia hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuja. Kule Fremont watu walikuwamo katika nyumba ile ile. Picha iliyoletwa mahali pasipofikika ni daraja. Picha iliyoletwa mahali panapofikika ni ukuta, ijapokuwa ni ukuta wa kioo.

Atasema mtu: "Maneno ya daktari yasingebadilika hata kama angekuja na miguu yake. Mapafu yasingepona." Ni kweli. Kama binadamu angekuwa masikio tu, na kama habari ingekuwa yote tunayopeana, hoja hiyo ingetosha. Lakini ajaye huleta mambo matatu yasiyoweza kupita katika waya.

Kwanza, huleta gharama yake. Aliyekuja ameacha kazi nyingine, amelipa nauli, amechoka. Na mgonjwa ajua, hata pasipo neno, kwamba yeye ana thamani ya uchovu ule. Pili, ajaye hujiweka mikononi mwa mwenzake. Anayetoa habari ya msiba akiwa ameketi kitandani hana kidude cha kubonyeza ili kilio kikome. Itampasa avumilie machozi, anyamaze, pengine ashikwe mkono na asiachiwe. Naye aliye kiooni aweza kutoweka kwa kidole kimoja, na hata asipotoweka, wote wawili wajua kwamba aweza. Tatu, ajaye huona asichoonyeshwa.

Jambo hilo la tatu lataka tulitazame katika nyumba zetu wenyewe. Kamera huona inapoelekezwa, basi. Mama aliye kijijini, akijua kwamba mwanawe atapiga simu ya video Jumapili jioni, hujifunga kanga yake nzuri, huketi upande wa ukuta uliopakwa chokaa, na kuikweza simu ili paonekane uso na mabega. Mwana huona uso unaocheka. Haoni miguu iliyovimba. Haoni paa linalovuja upande wa pili, wala sufuria iliyofunikwa ambayo ndani yake hamna kitu. Hasikii harufu ya dawa, wala hajui kwamba mjukuu ndiye aliyemshika bibi asianguke alipokuwa akiketi. "Hamjambo huko?" "Hatujambo, mwanangu." Kisha mwana hutuma fedha kwa simu, hulala na dhamiri iliyoshiba, na miaka mitatu hupita. Siku ya maziko ndipo anapoliona paa.

Wala mama hakusema uongo kwa ubaya. Amemficha mwanawe mzigo, kama akina mama wote wafanyavyo. Lakini mwana alikuwa na wajibu wa kufichua kilichofichwa kwa upendo, na wajibu huo hutimizwa kwa kubisha hodi bila ya kutangulizwa na taarifa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jicho la mbali nalo halioni ufa.

Tupande kidogo, tutoke nyumbani twende mahakamani, maana huko uzito wa neno ni mkubwa zaidi. Mwezi Mei 2020, nchi ya Singapore ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, mahakama ya huko ilimhukumu kifo raia mmoja wa Malaysia kwa kosa la dawa za kulevya, naye akaisikia hukumu yake katika mkutano wa Zoom. Wakili wake alisema hakuupinga utaratibu huo, kwa kuwa siku ile hapakuwa na hoja za kutolewa ila uamuzi wa kupokelewa. Mwezi Oktoba 2022 Mahakama ya Rufani ilimwachia huru. Hakuachiwa kwa sababu ya kioo, bali kwa sababu ya udhaifu wa ushahidi. Hata hivyo moyo wauliza: kulikuwa na haraka gani? Kutaja tarehe ya kesi kwa njia ya video ni busara. Kumwambia mtu kwamba atakufa, bila ya kuwa chumba kimoja naye, ni jambo lingine kabisa. Hata hakimu mwenye haki yampasa kuuona mwili anaouhukumu, apate kuhisi alichokitamka.

Kutoka hapa twapata kanuni ambayo kila mtu aweza kuitumia: kadiri neno lilivyo zito, ndivyo kinywa kiwe karibu. Taarifa ya hesabu yaweza kwenda popote. Kumwachisha mtu kazi, kumvunjia binti uchumba, kumwambia mzee kwamba mwanawe amekufa, kuomba msamaha wa kosa kubwa, haya yadai miguu.

Na katika kazi za kila siku je? Hapa wachunguzi wametusaidia. Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini mikutano ya video huchosha: nyuso za watu zakaa karibu mno na macho yetu, twajiona wenyewe muda wote kama waliowekewa kioo mbele, mwili wafungwa mahali pamoja, na akili yafanya kazi kubwa kutafuta ishara ambazo chumbani huja zenyewe. Mwaka 2022 wachunguzi wawili, Melanie Brucks na Jonathan Levav, walionyesha kwamba watu wawili wanaofikiri pamoja kwa video hubuni mawazo mapya machache kuliko wawili walioketi chumba kimoja. Bali katika kuchagua wazo lililo bora, wale wa video hawakushindwa. Basi yafaa mkubwa wa kazi azingatie: mkutano wa kukata shauri waweza kuwa wa video, lakini wa kutafuta shauri jipya afadhali watu wakutane.

Historia ya Zoom yenyewe yatufundisha. Mwanzilishi wake, Eric Yuan, amesimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi nchini China alikuwa akisafiri saa 10 katika treni kumtembelea msichana aliyempenda, na humo garini ndimo alimoanza kuwaza chombo cha kuonana bila ya safari. Msichana yule baadaye akawa mkewe. Sitaki kumsemea bwana huyo, lakini nadhani zile saa 10 za treni hazikupotea katika macho ya msichana. Na mwezi Agosti 2023 kampuni hiyo hiyo, iliyouzia dunia mikutano ya mbali, iliwaagiza wafanyakazi wake wanaokaa karibu na ofisi waje kazini kwa miguu yao angalau siku mbili kwa juma. Muuza miwani naye ametambua kwamba pana mambo yanayotaka macho yenyewe.

Kuna na ajabu nyingine ndogo. Kamera hukaa pembeni ya picha, si ndani yake. Kwa hiyo ukimtazama mwenzako machoni, yeye akuona umeinama; na ukitaka akuone wamtazama, sharti uache kumtazama, uikodolee kamera. Zaidi ya hayo, sauti huchelewa. Wataalamu wa Ujerumani walionyesha mwaka 2014 kwamba kucheleweshwa kwa sauti kidogo tu, kwa sekunde moja na zaidi kidogo, kwawafanya watu wamdhanie mwenzao kuwa hana makini. Tazama jinsi kosa la waya lavyogeuka kuwa kosa la rafiki! Mapendano yadai basi kwamba anayeongea kwa video awe mwepesi wa kusamehe: yule aliyekukatiza hakukukatiza, na yule aliyenyamaza pengine bando limemwishia.

Sasa nasikia msomaji mmoja akinijibu kwa uchungu: "Padre, rahisi kwako kusema. Mimi ni mtumishi wa nyumbani katika nchi ya Waarabu. Mkataba wangu ni wa miaka miwili, na nauli ya kuja kumzika mama sina." Dada yangu, maneno haya hayakukusudii wewe. Wewe u katika hali ya kile kitanda cha Italia. Simu yako ya video ni daraja, na uso wako katika kioo ndio kila ulicho nacho. Umetoa chote, na deni lako limelipwa. Tena kwako simu hiyo ni ngao, kwa kuwa wa nyumbani wakiuona uso wako kila juma watajua upesi kama unateswa. Mungu na apishe mbali mwajiri atakayekunyang'anya. Tunaowasema ni wale wenye nafasi, wenye nauli, wenye siku za likizo, ambao zamani wasingekuwa na udhuru, na leo udhuru wameupata mfukoni.

Wala tusidhani kwamba kuufikisha mwili ndio mwisho wa wajibu. Yuko mtu ambaye amekuja kumwona baba yake, ameketi mkekani, na macho yake yako simuni tangu alipoingia hadi alipoaga. Huyo hakuwapo. Yule wa Maskati, aliyesikiliza kwa moyo wote kwa dakika 20, alikuwapo kumpita. Kuwapo ni mwili pamoja na moyo. Kilichopungukiwa na kimoja ni nusu.

Jambo hili lilikuwa wazi hata kwa Mtume Yohane. Katika barua zake mbili zilizo fupi aeleza kwamba alikuwa na mengi ya kuandika, lakini hakupenda kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitumaini kuja na kusema nao uso kwa uso. Angalia: hakuidharau barua, maana aliiandika. Lakini hakukubali barua ichukue nafasi ya safari. Kwa sababu hiyo hiyo Kanisa, ambalo huwafurahia wagonjwa wanaoifuata Misa kwa redio na televisheni, lilieleza mwaka 2002 kwamba hakuna Sakramenti katika intaneti. Maji sharti yamwagike juu ya kichwa, na mkate sharti uliwe.

Tufanyeje basi? Nayaleta mashauri matatu, kila nyumba iyapime. Kwanza, kabla ya kupiga simu ya video kwa jambo zito, jiulize: je, naweza kwenda? Kama huwezi, piga, na upige bila ya aibu. Kama waweza, simu na iwe ya kusema "naja". Pili, simu ya video isihesabiwe kuwa ziara. Andika katika kalenda ya nyumba siku mliyofika kwa wazazi kwa miguu yenu, muone miezi mingapi imepita. Tatu, wakubwa wa kazi na watawafike mahali wanapopatawala. Mwenye kuiongoza shule, zahanati au shamba kwa kioo tu ataongoza ile sehemu aliyoelekezewa kamera.

Mwaka 2024, mwezi Mei, nyaya mbili za chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikazorota katika Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mikutano ilivunjika, na wengi wakaiona simu imekuwa kipande cha kioo cheusi. Siku zile barabara ya kwenda kwa mama ilikuwa palepale.

Basi wazee wetu hawakukosea. Lake yule wa Maskati laweza kuwapo chini ya mwembe, na tushukuru kwa hilo. Lakini yeye mwenyewe twamngoja bado. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema njoo.